Bei Uliyoniambia Mimi Peke Yangu

Wifi yangu uliyenitangulia,

Dua nakuombea kila siku, na dua hazihitaji karatasi. Hii barua ni ya ugomvi. Nina ugomvi na wewe ambao hukunipa nafasi ya kuumaliza ulipokuwa hai, maana kila nilipouanzisha ulinisukumia kikombe ukasema, "Wifi, chai inapoa." Basi leo huna kikombe cha kunisukumia. Utanisikiliza mpaka mwisho, na watu nao wasikie, ndiyo maana naiandika hadharani.

Nataka kujua jambo moja tu. Kaka yako alikutuma Guangzhou, Uchina, uende kunichunga. Ulihama lini ukaja upande wangu?

Usijifanye hukutumwa. Nilikuwa jikoni na mlango ulikuwa wazi alipokuambia, "Dada, nenda naye. Macho yako ndiyo macho yangu." Kaka yako hakuwahi kukipenda kile kibanda changu cha shuka na mapazia pale Kariakoo. Alisema mke wa mtu hapigi kelele za bei sokoni. Safari aliikubali kwa masharti mawili: wewe uende na mimi, na tenda ya shuka za hospitali tukiikosa, nifunge kibanda nikae nyumbani. Nikaapa mbele yenu wote wawili, na wewe ulikuwa unachambua mchele, hukuinua hata kichwa.

Na tenda yenyewe ni wewe uliyeiona. Wenzio wakisimama kwenye mbao za matangazo wanatafuta majina ya watoto waliofaulu, wewe unatafuta tenda. Ulikuwa na mzunguko wako wa kila wiki, hospitali, shule, chuo, magereza, umevaa baibui na miwani ya marehemu mumeo, unasoma hata karatasi zilizopauka kwa jua. Ulishauza mafagio kwa shule na sabuni kwa zahanati kwa mtindo huo huo. "Za gazetini usizikimbilie," ulinifundisha. "Ikifika gazetini wenyewe wameshagawana. Wewe unaitwa usindikize tu, ionekane harusi ina watu." Ya shuka uliikuta ubaoni gundi bado mbichi, ukaja mbio kibandani kwangu na ndala moja imekatika. Hospitali inataka shuka nyeupe za pamba, ukasema. Kila mwombaji alete sampuli na bei kwenye bahasha iliyofungwa, na bahasha zitafunguliwa mbele ya watu wote, bei zisomwe kwa sauti.

"Hapo kwenye kusoma kwa sauti ndipo maskini anapopata," ukasema, ukaniomba pini ya kufungia ndala.

Miaka ile ya mwisho ya tisini Waswahili pale Xiaobei, mtaa tuliofikia Guangzhou, tulikuwa wa kuhesabika. Ukisikia mtu anapiga hodi kwenye korido ya hoteli, unamjua kabla hujafungua. Chumba chetu kilikuwa na vitanda viwili na chupa ya maji ya moto, na wewe siku ya kwanza tu uliinua magodoro yote mawili kutazama chini. Unatafuta nini, nikakuuliza. Ukajibu, "Sijui bado." Kwenye ule mkahawa wa tambi, mwenyewe Mchina Mwislamu mwenye kofia nyeupe, alitutolea salamu safi kabisa, asalamu aleikum. Ukaitikia vizuri, kisha ukampita ukaingia jikoni kwake kuchungulia masufuria. Nilitamani ardhi ipasuke! Ulipotoka ulikaa ukala bakuli mbili, na kila siku tukala palepale.

Mwenyeji wetu alikuwa Bwana Shaweji. Wasiomjua nawaambia: mtu wa kwetu, wakala wa mizigo, na ofisi yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya hoteli. Alisoma na kaka yako na ni kaka yako aliyetuunganisha naye. Alitupokea uwanja wa ndege, akatutafutia hoteli, akatufundisha maneno ya sokoni, laoban ndiye tajiri wa duka, meiyou ndiyo hakuna. Mimi nilimpenda. Mcheshi, mkarimu. Wewe ulisema, "Mtu anayecheka kabla hujamaliza kusema, anacheka lake." Lakini wewe ulikuwa unasema hivyo juu ya kila mtu, kwa hiyo sikukujali.

Sanyuanli ndiko ulikonitia aibu ya mwaka. Jumba zima la maduka ya jumla, ghorofa juu ya ghorofa, na wewe kila duka unaloingia unachomoa uzi mmoja kwenye shuka, unautoa nje kwenye korido, unauwasha kiberiti. Pamba ikiungua inakuwa jivu na inanuka karatasi. Ya plastiki inajikunja inakuwa kidonge kigumu. Wasichana wa duka walipiga mayowe, mlinzi alikuja, laoban mmoja alitufukuza kwa ufagio. "Wifi, tutafungwa!" nikasema. "Tutafungwa tukiwa tunajua shuka za nani ni za plastiki," ukanijibu, ukaingia duka la pili.

Mpaka tukafika kwa yule mama mnene mwenye chupa ya chai. Alipokuona unatafuta kiberiti, akatoa cha kwake na kuuwasha uzi mwenyewe mbele yako. Ukatazama jivu, ukalipuliza, ukasema, "Huyu ndiye." Mkaanza kusukumiana kalkuleta. Yeye anaandika, wewe unafuta, yeye anacheka anasema meiyou, bei hiyo hakuna, wewe unamjibu kwa Kiswahili "ipo, mama, itafute." Mkaelewana. Pale desturi ni kwamba mkishaelewana sampuli inakatwa vipande viwili, nusu inabaki na muuzaji, nusu unaondoka nayo, ili mzigo ukifika ulinganishwe. Akashika mkasi wake akate kama watu wote wanavyokata, wima. Wewe? Thubutu! Ukatoa mkasi wako kwenye pochi, ukaikata ile shuka mapindo mapindo, kama mtoto aliyeshika mkasi mara ya kwanza, mtu mwingine asiweze kuleta kipande cha uongo kikalingana. Yule mama alicheka hadi akaweka chupa yake chini. Nusu yetu uliikunja ukaitia kifuani.

Jioni ile tulikaa kitandani tukapiga hesabu: kitambaa, kushona, kusafirisha kutoka bandari ya Huangpu, ushuru, na faida yangu ndogo. Tukapata bei ya shuka moja mpaka mlangoni mwa hospitali. Wewe ukapiga tena kwa njia yako, tukakutana palepale. "Bei hii usimwambie hata mto wako," ukasema.

Sasa wifi, mume ni mto? Nilikuwa nampigia simu kwenye kile kibanda cha simu kando ya hoteli, na alikuwa akiniuliza, kwa upole ambao nilikuwa sijausikia siku nyingi, "Mmefikia wapi? Mtaweka bei gani?" Nikafurahi. Nikasema alhamdulilahi, mume wangu ameanza kuipenda kazi yangu. Nikamwambia yote. Na wewe ulisimama nje ya kioo, mikono umeifunga kifuani, unanitazama mdomo. Mimi nikasema moyoni, mwone, askari wa kaka yake, anahesabu hata pumzi zangu.

Nilikuwa nakushuku, ndiyo. Nilikushuku kwa sababu ulitumwa. Wewe ulikuwa unashuku dunia nzima, mimi nakushuku wewe, basi kile chumba hakikuwa na mtu anayelala vizuri.

Kisha ikaja ile adhuhuri. Nimetoka kununua sabuni, napita mbele ya mkahawa, nakukuta umekaa na Shaweji. Wawili tu. Yeye anavuta tambi anaongea, na wewe unacheka. Wewe! Mtu ambaye hata kwenye harusi yangu hukuonyesha jino. Unacheka umeziba mdomo kwa ukaya, unatikisa kichwa, unamwongezea chai. Nilisimama upande wa pili wa barabara. Nikasema, hawa wameniuza. Kaka yake anataka nikose, dada mtu ndiye anayekamilisha. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi cha kwangu nilikilipia nauli ya ndege.

Nilirudi chumbani nikazitia karatasi zangu zote chini ya mto nikazilalia. Wewe uliingia, ukanitazama, ukautazama mto, ukasema, "Vizuri."

Kesho yake ukaenda Sanyuanli peke yako. Ulisema unakwenda kuangalia upindo. Ulirudi umekunja uso. "Laoban amepandisha," ukasema. "Bei yetu haitoki tena. Itabidi tuweke hii," ukanitajia bei ya juu, juu sana, mpaka nikakaa chini. Nikakuuliza kwa nini. "Wachina." Nikakuambia twende wote tukamwone. Ukakataa. Wallahi pale sikuwa na shaka tena: huyu ameniongezea bei ili tofauti aitie mfukoni, au ili nikose tenda, au yote mawili. Nikakimbilia simu nikamlilia kaka yako. Nikamwambia dada yako ameniharibia kazi, bei imekuwa hii, nikaitaja. Alinipoza. "Mungu mkubwa, mke wangu. Wekeni hiyohiyo."

Njia nzima ya kurudi nyumbani hatukusemezana zaidi ya "pitisha maji" na "saa ngapi."

Asubuhi ya kupeleka bahasha nimeshaandika bei ya juu, nimeshafunga, nimeshalia peke yangu bafuni nikijua nakwenda kufunga kibanda. Tumefika getini mwa hospitali, ukanishika mkono. "Chana hiyo bahasha."

"Nini?"

"Chana. Andika upya. Weka bei ya kwanza, ile tuliyoipiga kitandani."

"Na laoban?"

"Laoban hajapandisha kitu. Fomu ya pili ninayo, bahasha ninayo. Andika, wifi, watafunga mlango."

Nilikutukana. Unakumbuka? Watu waliokuwa wanaingia kuona wagonjwa walisimama kutazama. Nilikuambia mnafiki, nikakuambia mtumwa wa kaka yako, nikakuambia hata hesabu zangu umeamua kuzichezea. Wewe ukaniachia niseme. Kisha ukageuka, ukainama kidogo, ukanipa mgongo niandikie hapo kwa kuwa hapakuwa na meza. Na mimi nikaandika. Kwako sikuwa na imani hata chembe, ila hesabu ya kitandani niliipiga mwenyewe, nikaona bora nianguke na hesabu yangu. Nikakandamiza kalamu mpaka nikakutoboa. Hukuondoa mgongo.

Bahasha zilifunguliwa siku hiyohiyo. Ukumbi mdogo, mabenchi, mzee wa bodi anasoma kwa sauti ya kuchoka. Akasoma kampuni moja, bei ya ajabu. Akasoma ya pili, nikaona kijana mmoja, mdogo wake Shaweji, ananyanyua kidevu benchi la mbele. Kumbe Shaweji mwenyewe alikuwa mwombaji, na hakutuambia siku zote alizotubebea mabegi! Bei yake ilikuwa chini kidogo tu, kidogo mno, ya ile bei ya juu uliyoniletea kutoka Sanyuanli. Utadhani mtu alisimama nyuma yetu akachungulia. Kisha wakasoma ya kwetu, na yule kijana akageuza shingo kututazama kama aliyemwagiwa maji. Ya kwetu ndiyo ilikuwa ya chini kabisa, tenda ikawa yetu.

Mimi sikushangilia. Nilikuvuta nje mpaka kwenye mabomba ya kunawia, nikakuambia, "Ulimwambia! Ile bei ya uongo ulimwambia Shaweji mwenyewe, ndiyo ulikuwa unacheka naye!"

Ukanitazama. Macho yako yalikuwa mekundu, na mpaka leo nayaona.

"Bei ile sikumwambia mtu ila wewe," ukasema. "Wewe ulimwambia nani?"

Nikakikumbuka kile kibanda cha simu. Maji ya bomba yalikuwa yanatiririka na hakuna aliyeyafunga.

Ndipo uliponieleza, kwa sauti ya chini, kana kwamba aibu ni yako. Pale mkahawani Shaweji alikutajia bei yetu ya kwanza, ile ya mto, huku anakula tambi. Alidhani unajua kila kitu. Alidhani dada wa rafiki yake yuko upande wake. Shaweji alitaka tenda, kaka yako alitaka mimi nirudi jikoni, wakasaidiana. Ukamwongezea chai, ukacheka naye asiingiwe na wasiwasi, ukarudi ukatunga bei ukaniletea mimi, ukijua itapita wapi.

"Ungeniambia!" nikasema.

"Ungekwenda kumuuliza mumeo."

Kweli ningekwenda. Nakubali hilo, lakini haliniondolei hasira.

Kisha ukasema neno ambalo ndilo chanzo cha ugomvi huu. Ulikuwa unaosha miwani bombani. Ukasema, "Hata kaka hakuniuliza, wifi. Alinihesabu tu kuwa nimo."

Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Hakukuuliza. Na angekuuliza? Angekuja kwako kabla ya safari, akakukalisha, akakuambia, "Dada yangu, nisaidie, naokoa nyumba yangu," ungesemaje? Wewe ulikuwa mjane unayelala chumba cha uani kwake, unakula sahani yake. Watu husema damu ni nzito kuliko maji. Mimi nilikuwa maji, wifi. Nilikuwa maji ya mwaka wa nne tu, na hata mtoto sikuwa nimemzalia. Nilikuuliza hilo Magomeni, nilikuuliza Ramadhani, nilikuuliza ukiwa unaumwa, na kila mara chai ilikuwa inapoa.

Wasomaji wajue yaliyobaki. Kaka yako aliapa kwamba alimtajia rafiki tu, katika mazungumzo, hakuwa na nia mbaya. Mimi nikamwambia kibanda sifungi, sharti lilikuwa tukikosa na hatukukosa. Tulivutana miezi mingi, akaniandikia talaka. Wiki ileile ulihama chumba cha uani ukaja kwangu Magomeni na sanduku moja na cherehani, ukauliza tu choo kiko upande gani. Kaka yako alikaa miaka bila kukuitikia salamu. Mzigo ulipofika bandarini ulitoa ile nusu ya shuka kifuani, nusu ya laoban ilikuwa juu ya robota la kwanza, ukaziweka pamoja na mapindo yote yakakaa mahali pake. Hata hivyo ukachomoa uzi, ukaomba kiberiti kwa karani wa bandari.

Kibanda kiko wazi mpaka leo. Sasa ni duka, lina mlango wa chuma. Nazunguka kwenye mbao za matangazo kila wiki kama ulivyonifundisha, na miwani ya mumeo nimerithi mimi.

Ulipofariki, msiba uliwekwa kwa kaka yako. Alikuja mwenyewe kukuchukua, na sikumzuia, kwa kuwa ndiye ndugu yako. Mimi nikarudi katika nyumba ile niliyotoka na talaka, nikaingia kwa mlango wa uani. Mke wake wa sasa ana ndugu wengi na hakuna anayenijua. Kinamama walikuwa chumbani wanakata sanda. Nikauliza nani amenunua, wakasema kaka wa marehemu.

Nisamehe. Nilijaribu kujizuia, nikashindwa. Kile kitambaa kilikuwa kinang'aa mno machoni mwangu. Nikaokota kipande kilichobaki kwenye mkeka, nikatoka uani penye majiko, nikachomoa uzi, nikauwasha.

Mama mmoja alinifuata. Akasimama mbele yangu na mikono kiunoni. "Wewe, unachoma sanda? Wewe ni nani wa marehemu?"

Kaka yako alikuwa hapo, amekaa kwenye kigoda, amezeeka. Alikuwa ananitazama mkono, na alijua ninafanya nini. Alisubiri nijibu, na yule mama alisubiri, na uzi ulikuwa bado unaungua.

"Mimi ni wifi yake," nikasema.

Hakuna aliyebisha. Kaka yako aliinamisha kichwa.

Ukawa jivu, wifi. Nililipuliza likapeperuka, lilinuka karatasi. Pamba tupu, hakukudanganya. Nikarudi ndani nikawaambia waendelee kukata, nikaomba mkasi na mimi.

Lala salama. Swali langu nimekuachia hapo, na chai nimeinywa ya moto.

Mimi, wifi yako.